Taharuki kwenye Vumbi la Turkana

Filamu ya Turkana ninayoiona kuwa na taharuki kuliko zote ilitengenezwa na watu wawili tu. Mnamo 1973 na 1974, David MacDougall alishika kamera na mkewe Judith akanasa sauti, nyumbani kwa mzee Lorang. Katika filamu hiyo, The Wedding Camels, Kongu anataka kumwoa Akai, binti wa Lorang, ambaye ni rafiki wa Kongu wa miaka mingi. Je, atatoa mifugo mingapi? Wazee wanavutana, na mtazamaji anakaa roho juu akidhani harusi itavunjika. Hakuna bastola. Kuna mahari, na heshima ya watu wanaofahamiana mno kiasi cha kushindwa kusema kila jambo waziwazi.

Fedha nyingi zilikuja baadaye. The Constant Gardener ya 2005, filamu ya kusisimua iliyogharimu mamilioni ya dola, ilifika hadi Loiyangalani, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana. The Good Lie ya 2014 inasimulia vijana wa Sudan waliolelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, ila sehemu zake za Afrika zilipigwa picha Afrika Kusini. Kakuma kwenyewe mambo yalikuwa yameshaanza kwa njia nyingine. Kambi hiyo ilifunguliwa 1992. Shirika la FilmAid likaingia 2001, likaonyesha sinema za usiku hadharani kwenye pazia kubwa, kisha likawafundisha vijana wakimbizi kuandika hadithi, kupiga picha na kuhariri. Kwangu mimi, hilo ndilo tukio kubwa la sinema Turkana, kuliko ujio wa nyota yeyote.

Kampala nako, Nabwana I.G.G. wa Wakaliga alitoa filamu ya mapigano Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa bajeti inayosemekana kuwa chini ya dola 200. Risasi zake zinachangamsha, lakini Kakuma ina hazina tofauti: kusubiri. Orodha za majina ya wanaohamia ng'ambo zimekuwa zikibandikwa ubaoni. Ukitaka kutengeneza filamu yako huko, piga picha ya kidole kikishuka jina baada ya jina, karibu kabisa, hadi kucha ionekane. Mtazamaji ameshajua kwamba jina halipo; mwenye kidole hajui. Kidole kikifika mstari wa mwisho, kata.

Lodwar pia ina hadithi yake: Mzee Kenyatta alizuiliwa pale kuanzia 1959 hadi 1961, jangwa likiwa ukuta wa gereza. Chumba kimoja, mlinzi mmoja na barua moja vinatosha kwa filamu ya dakika kumi.

Jua la saa sita huzifuta sura, kwa hiyo piga picha asubuhi na jioni. Simu nzuri itatosha. Akiba iliyopo iende kwenye maikrofoni na kifuniko chake cha manyoya, kwa sababu upepo wa Turkana humeza maneno, na mnong'ono usiosikika hauwezi kumtisha mtu.