Herufi Zilizochongwa Kinyume: Mbao za Chapa, Kanga na Wasomaji wa Shumba

Kibao changu cha kwanza cha chapa nilikichonga Shumba, kaskazini ya Pemba, nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Kilikuwa kipande cha mfenesi kilichosalia baada ya mjomba wangu kumaliza mlango wa watu. Nikaazima patasi yake nyembamba bila ya kumwambia, nikachonga neno moja tu, SHUMBA, nikalipaka wino na kuligandamiza juu ya kipande cha bafta. Lililotoka halikuwa jina la kijiji chetu wala la mahali pengine popote duniani. Lilianza kwa A likaishia kwa S. H, U, M na A zilikuwa zimesalimika, kwa kuwa ni herufi zenye uso mmoja kulia na kushoto, lakini S na B zilikuwa zimenipa mgongo. Mjomba aliponikuta hakunigombeza juu ya patasi. Alicheka, kisha akasema: "Mbao ni kioo, mwanangu. Andika kwenye karatasi, uipake mafuta kidogo ionyeshe, halafu uilaze kifudifudi juu ya mbao. Chonga unachokiona."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba hivyo ndivyo walivyofanya mafundi wa chapa za mbao wa Japani katika zama za Hokusai: mchoro ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mti wa sakura, na mchongaji akaukata pamoja na karatasi yake. Mjomba hakupata kuisikia Japani ila kwenye redio. Ujuzi wa namna hii huenda kwa mdomo na kwa mkono, na anayeupokea mara nyingi hajui umetoka wapi. Nimeanza na kibao hicho kwa sababu ndicho kilichonifanya niitazame kanga kwa jicho jingine, na historia ninayotaka kuieleza ni ya kanga: ya wachapaji waliofanya kazi moja kwa miongo mingi, wakipeana mifano, maagizo na makaripio, bila ya wengi wao kuonana hata siku moja.

Tuanze na maneno, maana wasomaji wa hapa ni watu wa maneno. Chapa tumeipata kwa Wahindi. Doti nayo imetoka huko huko. Leso, kama Wamombasa wanavyoiita kanga, ni neno la Kireno, na merikani ni nguo iliyobeba jina la nchi ilikotoka, Marekani. Ukiyafuata maneno haya utaona njia zote za bahari zikikutana bandarini Unguja. Lakini ukiikunjua kanga yenyewe, msamiati hubadilika ghafla. Nje kuna pindo, ndani kuna mji, na chini ya mji kuna jina. Kanga, ndege mwenye madoadoa, ni wetu tangu kale. Kitambaa, kipimo na ufundi viliazimwa. Mpangilio ulipewa majina ya nyumbani. Mimi huliona hili kuwa ushahidi wenye nguvu kuliko hadithi nyingi zinazosimuliwa juu ya nani aliivumbua kanga.

Maana hadithi zipo. Ile iliyoenea zaidi husema kwamba wanawake wa Unguja walinunua leso za kushika mkononi zikiwa bado zimeungana katika jora, wakakata sita sita na kuzishona ziwe nguo moja. Sambamba nayo kuna habari za kanga za mera, yaani merikani iliyogongwa chapa kwa mkono hapa hapa Zanzibar. Mtafiti MacKenzie Moon Ryan, aliyezifuatilia nguo hizi katika hifadhi za Ulaya, anauweka mwanzo wa kanga kama tunavyoijua katika muongo mmoja tu, kati ya 1876 na 1886. Katika muongo huo amri ya wateja wa Unguja, hesabu ya wafanyabiashara wa Kihindi na mbao za wachapaji wa Uholanzi zilikutana, na nguo mpya ikazaliwa.

Kwa nini Uholanzi, na kwa nini mbao, wakati mashine za kuchapa nguo kwa magurudumu ya shaba zilikuwa zimekwisha enea Ulaya? Jawabu limo katika umbo la kanga. Gurudumu hurudia pambo lake kila linapokamilisha mzunguko, na mzunguko huo ni mfupi. Linafaa kwa vitambaa vya maua madogo madogo yasiyo mwanzo wala mwisho. Kanga haikubali hivyo. Ina pembe nne, pindo linalopaswa kugeuka katika kila pembe, na mji ambao ni mmoja. Nguo ya namna hiyo humtaka mtu asimame mbele yake na kuijenga kipande kwa kipande. Viwanda vya Helmond, Leiden na Haarlem vilikuwa na watu hao. Cha Helmond, kilichoanzishwa mwaka 1846, ndicho leo kiitwacho Vlisco.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Nguo ilitandazwa juu ya meza ndefu iliyofunikwa blanketi. Kando yake palikuwa na sanduku lenye kitambaa cha sufu kilicholoweshwa rangi, na kijana wa kuisawazisha rangi hiyo kila mara. Mchapaji alikigusisha kibao kwenye sufu, akakipeleka juu ya nguo akifuata vijipini vilivyo pembeni mwake ili kikae mahali pake barabara, kisha akakigonga kwa nyundo. Kila rangi ilikuwa na vibao vyake. Rangi mbili zilimaanisha kuizunguka nguo ile ile mara mbili, na kosa la upana wa unywele lilionekana. Vibao vilichongwa kwa miti migumu ya nyuzi laini kama mpeasi, na mistari myembamba na nukta, ambazo mbao haiwezi kuzishika muda mrefu, zilitiwa kwa vipande na vijipini vya shaba vilivyokongomewa ndani ya ubao.

Hizo nukta ndizo zilizonikamata.

Kanga za mwanzo zilizokuwa na maandishi ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Anayezijua herufi hizo anajua uzito wa nukta. Nukta moja chini ni ba. Mbili juu ni ta. Mbili chini ni ya. Tatu juu ni tha. Herufi haikubadilika umbo, ni nukta tu iliyohama. Tena waandishi wetu wa kale walikuwa na mazoea ya kuiacha ba moja isimame mahali pa b, p na mb, na kumwachia msomaji aamue kwa muktadha. Wapenzi wa ushairi wa Pemba wanayafahamu mashaka haya vizuri: ukikisoma kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani, kilichotoka mwaka 2011, unapata kuhisi ni kazi gani kuyatoa maneno ya watu waliotangulia katika vifua na karatasi na kuyaweka katika herufi za leo.

Sasa mfikirie mchongaji wa Helmond au Leiden. Mbele yake ipo karatasi iliyosafiri kutoka Unguja au Mombasa, ina msitari wa herufi asizozijua, katika lugha asiyoijua. Naye anapaswa kuuchonga kinyume. Na hapa pana jambo ambalo sikuligundua mpaka nilipojaribu mwenyewe: herufi za Kiarabu huenda kutoka kulia kwenda kushoto, lakini zikigeuzwa juu ya ubao huenda kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo yule Mholanzi, juu ya kibao chake, alikuwa na msitari unaokwenda kama anavyosoma yeye. Pengine hilo lilimfariji. Lakini kijipini kimoja cha shaba kikichomoka baada ya kugongwa mara elfu, yeye asingejua kama limeanguka pambo au imeanguka maana. Wa kujua alikuwa mwanamke aliyeko maili elfu kadhaa, siku ambayo doti ile ingefunguliwa dukani.

Ndipo niseme kwamba wachapaji wa kanga walikuwa jumuiya, ingawa haikuwa na baraza wala kikao. Mwanamke alisema anachokitaka, na alisema kwa kununua au kwa kukataa. Mwenye duka alisikiliza, kwa kuwa kanga iliyopitwa na wakati ilimlalia rafuni. Karatasi ya mchoro ikapanda meli, sampuli ikarudi na meli, ikasahihishwa, ikapelekwa tena. Biashara ya kuigana ilikuwa kubwa: pambo lililopendwa kwa mfanyabiashara huyu halikukawia kuonekana kwa yule. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, alizitia kanga zake alama ya kwamba ni mali yake, na yasemekana ndiye aliyeufanya msemo wa Kiswahili kuwa desturi ya kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Sina haja ya kumnyang'anya sifa hiyo. Ila nauliza swali ambalo wasomaji wa mashairi wana haki ya kuliuliza: misemo yenyewe ilitungwa na nani?

Japani chapa moja ya mbao ilipitia mikono ya watu wanne: mchapishaji aliyetoa mtaji, mchoraji, mchongaji na mpigaji chapa. Dunia imelishika jina la mchoraji. Kwetu limeshikwa jina la mwenye duka. Aliyetia maneno, ambaye kwa maoni yangu ndiye mshairi wa nguo ile, hana jina. Misemo mingi ina mizani, ina vina vya ndani, ina fumbo lenye uchungu wa mke mwenza au jirani. Hayo hayatungwi katika daftari la hesabu. Yalitoka uani, kwenye ngoma za harusi na penye foleni ya kisima, kisha yakauzwa dukani kwa wale wale walioyatoa.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 herufi za Kirumi zilizishinda za Kiarabu juu ya kanga, kama zilivyozishinda skuli na ofisini. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na Kiswahili Sanifu kikasimikwa juu ya Kiunguja na juu ya abjadi ya Kirumi. Katika vitabu mabadiliko haya husifiwa kuwa ni kuenea kwa kusoma. Nyumbani kwetu Shumba niliyaona kwa upande wa pili. Bibi yangu alihitimu chuo, alisoma Qur'ani, alisoma barua za jamaa zake na kuzijibu kwa mkono wake. Lakini kanga aliyoivaa hakuweza kuisoma. Aliponunua doti mpya alituita sisi wajukuu, akaikunjua magotini, akatuuliza: "Yasemaje?" Nasi, watoto wa darasa la tatu, tukamsomea kwa sauti, wakati mwingine mambo ambayo hatukuwa na umri wa kuyaelewa, naye akacheka peke yake. Mama yake huenda aliisoma kanga yake mwenyewe. Yeye alisomewa. Hakuna hesabu ya watu wasiojua kusoma inayomtambua mtu wa aina hii.

Vibao navyo vikaondoka. Kazi ilihamia kwenye mashine, Uhindi na Japani zikaingia katika soko, na baada ya uhuru tukapata viwanda vyetu. Cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Chapa ya mbao haikufa Afrika Mashariki, ila ilihama kutoka kwenye nguo kwenda kwenye karatasi. Kampala, Fred Mutebi huchapa picha za rangi nyingi kutokana na ubao mmoja, akiukata zaidi baada ya kila rangi, hata mwisho ubao wenyewe umekwisha na hauwezi tena kutoa picha nyingine. Nairobi, Peterson Kamwathi alijulikana kwanza kwa chapa zake kubwa za mbao. Kuona Trust, iliyoanza mwaka 1995, na Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1972, zilikuwa mahali ambapo wasanii waligawana chumba, zana na maarifa. Nayo ni sanaa isiyomnyima maskini: mashine ya kuchapia ni nzito na ghali, lakini asiyekuwa nayo huisugua karatasi kwa mgongo wa kijiko. Mimi hutumia mwiko wa wali, na watu wa nyumbani wamekwisha zoea kuukuta na wino.

Kibao changu cha pili nilikichonga kwa ajili ya bibi. Neno lilikuwa lile lile, Shumba, lakini kwa herufi za Kiarabu: shini yenye nukta tatu, wau, mimu, ba, alifu. Nilifuata agizo la mjomba. Karatasi kifudifudi, mafuta kidogo, chonga unachokiona. Nilikigonga juu ya bafta, nikampelekea akiwa amekaa barazani anasuka ukili. Akaishika nguo mbali na macho, akasoma bila kusita, kisha akanyamaza akiitazama. Nukta ya ba ilikuwa imevunjika chini ya patasi na mimi sikuona.

Hakusema kwamba nimekosea. Aliomba kalamu, akailaza bafta juu ya goti, akaitia ile nukta kwa mkono wake.