Kicheko katika Vitabu vya Kuanzia Kusoma: Historia ya Paka Mwenye Kofia

Wanaoandika historia ya elimu huzoea kuchunguza sheria na mipango ya serikali, wakiviacha kando vitabu vidogo ambamo mtoto hukutana na herufi kwa mara ya kwanza. Hapa tunatazama kimoja cha namna hiyo, kilichotokea Marekani mwaka 1957, kwani swali lililokizaa linatuhusu pia sisi tunaofundisha Kiswahili.

Tangu miaka ya 1930, watoto wengi wa Marekani walijifunza kusoma kwa visa vya Dick na Jane. Mtoto alikaririshwa neno zima kwa kulitazama. Kwa hiyo maneno yalikuwa machache, nayo yalirudiwarudiwa. Mwaka 1954 John Hersey alilalamika katika gazeti la Life kwamba watoto wa picha hizo ni safi na wenye adabu kupita kiasi, akataka kazi hiyo wapewe wachoraji wenye ubunifu, akiwemo Dr. Seuss. Mwaka uliofuata Rudolf Flesch alishambulia njia yenyewe: watoto, alisema, hawafundishwi sauti za herufi.

Ndipo William Spaulding, wa kampuni ya Houghton Mifflin, alipomwendea Theodor Geisel, ndiye Dr. Seuss, akampa orodha ya maneno. Mtu aliyezoea kubuni maneno apendavyo alijikuta amefungwa. Alisimulia kwamba mwishowe aliyachukua maneno mawili ya kwanza yenye kina kimoja, cat na hat, yaani paka na kofia. (Masimulizi yake yalibadilikabadilika, lakini nani atamdai mchekeshaji kiapo?) Kitabu The Cat in the Hat kina maneno tofauti 236 tu: siku ya mvua, mama hayupo, paka aliyevaa kofia ndefu anaingia na kuvuruga nyumba, huku samaki wa kufugwa akipinga bure. Kilinunuliwa sana madukani kuliko shuleni. Mwaka 1960 ukafuata Green Eggs and Ham, kitabu cha maneno 50, kilichotokana na dau kati ya Geisel na mchapishaji wake Bennett Cerf. Kati ya maneno hayo, 49 yana silabi moja.

Je, hesabu hiyo yawezekana katika Kiswahili? Tunaona shaka. Anacheka, walicheka, hatutacheka: ni neno moja au matatu? Aidha tahajia ya Kiingereza ina mitego mingi, lakini ya kwetu husomeka jinsi inavyoandikwa, na mtoto huanza na ba, be, bi, bo, bu. Mtungaji wetu angefaa kufungwa kwa orodha ya silabi badala ya maneno: aanze na paka, kuku na bata, amcheleweshe ng'ombe na mbwa. Vina havitamsumbua, maana maneno yetu huishia kwa irabu.

Taabu yake ni nyingine. Mtoto wa Lubumbashi husema batoto nyumbani, akakuta watoto kitabuni. Kwa somo la hesabu tofauti hiyo ni ndogo. Kwa kichekesho ni kubwa, kwani mzaha unaohitaji kufafanuliwa na mwalimu umekwisha kufa. Sisi tungemwacha paka aseme Kiswahili cha mtaani, na samaki, mlinzi wa adabu, aseme sanifu.