Afya ya akili ya wauguzi: Jeraha lisiloonekana wodini

MUUGUZI anayempokea majeruhi wa shambulio hulazimika kuzuia damu, kuwatuliza ndugu na kuhakikisha fomu ya PF3 ya polisi imepatikana, yote kwa muda mfupi. Kazi hiyo inapojirudia, madhara yake humfikia hata yeye ambaye hakushambuliwa.

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na wenye makao makuu mjini Bariadi, si eneo la vita. Hata hivyo, Kanda ya Ziwa, ambamo mkoa huo umo, imeshuhudia mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho kuwa mekundu kutokana na moshi wa jikoni. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 yaliongezeka pia mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino.

Mzigo wa wauguzi katika kanda kama hiyo una sura ya pekee. Muuguzi huishi katika jamii ileile inayomletea majeruhi; anaweza kumfahamu aliyejeruhiwa, na pengine anayetuhumiwa. Akitoka zamu, hofu haibaki wodini.

Penye vita hali huwa nzito zaidi. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2019 yanaonyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya watano katika maeneo yaliyokumbwa na vita ndani ya miaka 10 iliyotangulia ana tatizo la afya ya akili. Wauguzi wa mashariki mwa Kongo, wakiwamo wa Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999 na Dk. Denis Mukwege, wanahudumia manusura wa ukatili wa kingono huku wao wenyewe wakiishi katika eneo hilohilo la mapigano.

Wataalamu hutofautisha hali mbili. Ya kwanza ni kiwewe cha kuambukizwa, ambapo mhudumu huota ndoto za kutisha, hushtuka ovyo au hukwepa wagonjwa wa aina fulani kutokana na aliyoyaona na kuyasikia. Ya pili ni uchovu wa kazi, ambao WHO inauelezea kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kifikra na kazi au kuidharau, na kushuka kwa ufanisi. WHO inauhesabu kuwa hali itokanayo na kazi, si ugonjwa.

Tofauti hiyo ni muhimu. Muuguzi anayewakaripia wagonjwa huenda asiwe na tabia mbaya, bali amechoka kupita kiasi. Kumwadhibu pekee hakutaondoa chanzo.

Msaada hauhitaji vifaa vya gharama. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na WHO na washirika wake mwaka 2011 unasisitiza kusikiliza bila kumlazimisha mtu kusimulia yaliyomkuta, kumhakikishia usalama na kumuunganisha na msaada zaidi. Kwa uongozi wa hospitali, hiyo ina maana ya kupanga zamu zenye mapumziko, kumpa nafasi aliyehudumia tukio zito, na kumpeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili dalili zinapodumu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya mfanyakazi. Kwa muuguzi, ulinzi huo hauwezi kuishia kwenye glovu na barakoa.