Kibwebwe cha Kweli

Ukiingia Mukuru kwa Njenga Jumapili asubuhi, utasikia spika kabla hujaona kanisa. Kuta za mabati, viti vya plastiki, kinanda kimoja, na mhubiri ambaye sauti yake inashindana na ya jirani ng'ambo ya mtaro. Na neno moja utalisikia kila kona: ulinzi. Kuna mafuta ya ulinzi, maji ya ulinzi, kitambaa cha kufunga mlangoni. Mimi siwacheki. Mtu anayelala mahali ambapo waya mmoja wa stima unaweza kuteketeza safu nzima ya nyumba, na ambapo tingatinga linaweza kufika kabla chai haijachemka, ana kila sababu ya kutafuta kitu cha kumkinga.

Lakini shosho wangu, aliyeokoka kwa njia ya zamani, hakuwahi kununua chupa hata moja ya mafuta hayo. Alikuwa akisema ulinzi wake uko kiunoni.

Alikuwa anamaanisha barua ya Paulo kwa Waefeso, sura ya sita. Paulo, akiwa kifungoni, anazitaja silaha za Mkristo moja moja: ngao, chapeo, upanga. Cha kwanza kabisa kwenye orodha si upanga wala ngao. Ni mshipi wa kiunoni, na mshipi huo ni kweli. Askari wa Kirumi bila mshipi nguo zingemtatiza miguuni hata kabla adui hajafika. Kwa Kiswahili hatuhitaji Mrumi kulielewa hilo. Mama akijifunga kibwebwe, leso imekazwa kiunoni, unajua kazi imeanza na hakuna mchezo. Kweli, kwa Paulo, ni kibwebwe.

Swali langu ni la kihistoria: je, hicho kibwebwe kimewahi kumlinda mtu yeyote huku kwetu? Na kumlinda na nini?

Wacha tuanzie mahali shosho alipoanzia. Mwaka wa 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza anayeitwa Joe Church alikutana na Mganda, Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa wamechoshwa na kanisa lililojaa majina na kukosa moto. Kutoka kwenye urafiki huo, na kutoka hospitali ya Gahini kule Rwanda, likatoka vuguvugu tunaloliita Uamsho wa Afrika Mashariki. Waganda waliwaita Balokole, waliookoka. Mwaka wa 1937 timu yao ilifika Kabete, nje kidogo ya Nairobi. Kwa Wakikuyu wakaitwa Ahonoki.

Kilichowashtua watu haikuwa kuimba wala kulia. Ni kwamba hawa jamaa walikuwa wanasema. Mtu anasimama mbele ya wenzake na kutaja alichofanya: nilimpiga mke wangu, niliiba blanketi za hospitali, ninamchukia mzungu anayeniongoza kanisani. Na mzungu naye alitarajiwa kusimama akiri dharau yake. Halafu mtu hakuishia kulia, alirudisha. Waliookoka walifika kwa waajiri wao wakiwa wamebeba vitu ambavyo hakuna aliyejua vimepotea. Waliita hivyo kutembea nuruni.

Ukiangalia kwa haraka utadhani ni aibu ya hadharani, kitu cha kuogofya. Na kweli, wengine waliitumia vibaya, wakageuza toba kuwa umbea. Lakini angalia inafanya nini kwa mtu. Hakuna anayeweza kukutisha na jambo ambalo umeshalisema mwenyewe. Siri ni kamba: upande mmoja umekufunga wewe, upande mwingine ameshika mwingine. Ahonoki walikuwa wanakata kamba.

Kamba hizo zilijaribiwa miaka kumi na mitano baadaye. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Mau Mau walikuwa wanapigania ardhi na uhuru, na kiapo kilikuwa ndicho kiunganishi chao. Kiapo kilihitaji siri, na kwa sababu nzuri: aliyejulikana alifungwa au kunyongwa. Sasa fikiria uko na jirani ambaye dini yake inamdai asiwe na siri yoyote. Huyo ni hatari. Ahonoki wengi walikataa kiapo, na baadhi waliuawa kwa sababu hiyo. Upande wa pili serikali iliwataka wachukue bunduki, wawe walinzi wa vijiji dhidi ya ndugu zao wa damu. Wengi walikataa hilo pia. Wakawa hawaaminiki kotekote.

Shosho alikuwa na miaka 17. Yeye alikataa kiapo, kaka yake akala. Hakuwahi kuniambia kwamba kaka yake alikosea kuitaka ardhi. Alisema tu, "Walipokuja usiku kuniuliza kama nitanyamaza, niliwaambia sijui kunyamaza." Walimwacha. Wengine hawakuachwa.

Lazima niseme jambo moja, maana historia ya kanisa ikiandikwa na watoto wa kanisa hupakwa sukari. Ahonoki walikuwa wepesi wa kutaja dhambi ya blanketi lililoibwa na wazito wa kutaja dhambi ya ardhi iliyoibwa. Waliungama hasira yao kwa mzungu, na mara nyingi hawakuuliza hasira hiyo ilitoka wapi. Ukweli wa moyoni peke yake unaweza kuwa mahali pa kujificha. Mshipi ukifungwa ndani ya koti, hakuna anayeuona.

Kizazi kilichofuata ndicho kilichoutoa nje. Mwaka wa 1969, baada ya Tom Mboya kuuawa tarehe 5 Julai, viapo vilirudi. Safari hii hakukuwa na mkoloni. Watu walibebwa kwa malori hadi Gatundu kuapa kwamba uongozi hautatoka mikononi mwa jamii moja. Waliokataa walipigwa. Makanisa yalikuwa na gazeti la Kiingereza, Target, na mwenzake wa Kiswahili, Lengo. Mhariri wa Target, Henry Okullu, ambaye baadaye alikuwa askofu, aliandika kuvikemea viapo hivyo wakati wengi walikuwa wanajifanya hawayaoni malori. Hapo kweli ilikuwa imehama kutoka kwenye toba ya mtu mmoja hadi kwenye ukurasa wa gazeti.

Ng'ambo ya mpaka, Uganda, palikuwa na mtu aliyebeba vyote viwili. Janani Luwum aliokoka kwenye Uamsho mwaka wa 1948 na akawa askofu mkuu mwaka wa 1974, Idi Amin akiwa madarakani. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 wanajeshi waliingia nyumbani kwake Namirembe wakitafuta silaha. Walipekua kila mahali. Hawakupata kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na upekuzi. Tarehe 16 Februari Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba wamekufa kwenye ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya kitaifa Uganda.

Basi nyumba yake haikuwa na siri, na bado aliuawa. Ulinzi uko wapi?

Kabla sijajibu, njoo Nairobi, karibu na nyumbani. Mei 1990 askari wa jiji walivamia kijiji cha Muoroto, karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, wakabomoa vibanda vya watu maskini kama sisi. Wakazi walipigana nao kwa mawe. Wakazi walisema kuna waliokufa, serikali ikakana. Ilikuwa kawaida ya nyakati zile kuambiwa kwamba ulichokiona hukukiona. Miaka miwili kabla, kwenye uchaguzi wa mlolongo wa 1988, watu walisimama nyuma ya wagombea wao mchana kweupe, na mahali pengi mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa ndio mrefu. Jarida la Beyond, la baraza la makanisa, liliandika hayo na likapigwa marufuku.

Alexander Muge, askofu wa Eldoret, alikuwa miongoni mwa waliokataa kunyamaza, kuhusu mlolongo na kuhusu Muoroto. Huyu hakuwa mtu laini. Kabla ya upadri alikuwa askari wa GSU. Agosti 1990 waziri Peter Okondo alimwonya yeye na Okullu kwamba wakikanyaga Busia wataona moto na huenda wasitoke wakiwa hai. Muge alienda Busia. Tarehe 14 Agosti, akiwa njiani kurudi, gari lake liligongana na lori, akafa. Okondo alijiuzulu. Mpaka leo watu wanabishana ilikuwa ajali ya aina gani.

Nikiwaweka Luwum na Muge mezani, siwezi kumwambia mtu yeyote Mukuru kwamba kweli itamkinga na risasi au lori. Itakuwa uongo, na ajabu ya uongo ule ni kwamba utakuwa unauzwa kwa jina la kweli. Nilichelewa sana kuelewa inakinga nini. Nilielewa mwaka wa 2021, na sikuelewa kwa kusoma.

Oktoba na Novemba mwaka huo nyumba zilibomolewa Mukuru kwa Njenga ili barabara ipite. Mtaa huu, pamoja na Kwa Reuben na Viwandani, ulikuwa umetangazwa eneo maalum la mipango tangu 2017, na wakazi walikuwa wamehesabiwa. Tulidhani kuhesabiwa ni kutambuliwa. Tingatinga halikuuliza hesabu. Makumi ya maelfu ya watu walibaki nje. Watu walilala kwenye vifusi vyao ili mahali pasichukuliwe na mwingine.

Kikundi chetu kiliamua kuandika orodha ya waliobomolewa. Uvumi ulikuwa kwamba atakayekuwa kwenye orodha hatakosa kitu. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, nikapewa daftari. Nikaandika siku tatu. Siku ya tatu jioni nikaongeza jina la binamu yangu ambaye hajawahi kulala Mukuru hata usiku mmoja.

Jamaa mmoja aliliona. Hakusema chochote. Alirudi siku iliyofuata na majina mawili, akanitazama, nikayaandika. Wiki iliyofuata alileta matano. Hakunitisha hata siku moja. Hakuhitaji. Ndipo nikaelewa kwamba daftari lile sio langu tena.

Wakati huohuo kulikuwa na mama mmoja, mpangaji, mjane, ambaye chumba chake kilikuwa ndicho cha kwanza kuanguka. Aliniuliza kama jina lake limeandikwa sawasawa. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, mikono imejaa vumbi la kuokota mabati. Nikamwonyesha. Akasoma polepole, na kidole chake kikapita juu ya jina la binamu yangu. Hakulijua. Mimi nililijua.

Shosho alikuwa ameshafariki, lakini nilijua angenifanyia nini: asingefanya kitu, angengoja niseme. Nilisema Jumamosi, mbele ya kikundi chote, nikiwa nimesimama kwenye kifusi. Nilitaja jina la binamu na yale saba mengine. Sikumtaja jamaa, nilisema nimeyaandika mimi, kwa mkono wangu, na ndivyo ilivyokuwa.

Usidhani walipiga makofi. Walininyang'anya daftari. Mzee mmoja aliniuliza ni mangapi zaidi, na hakuniamini nilipojibu. Binamu yangu hajanipigia simu mpaka leo. Lakini yule jamaa alipopita kando yangu jioni ile, hakuwa na kitu cha kunifanyia. Mara ya kwanza kwa wiki mbili nilimtazama machoni.

Hicho ndicho ninachofikiri mshipi unakinga. Mwili unaweza kuchukuliwa, na wa Luwum ulichukuliwa. Kinachokingwa ni ule upande mwingine wa kamba, usiwe mkononi mwa mtu. Amin alilazimika kutunga ajali ya gari kwa sababu hakupata siri ya kumshikia askofu. Waliotangaza mlolongo mfupi kuwa mrefu walihitaji kila mtu akubali kidogo, anyamaze kidogo, ili wote wawe na deni. Kila aliyesema alipunguza idadi ya waliofungwa.

Orodha mpya iliandikwa na mtu mwingine. Nilipanga foleni kama wengine, akaniuliza jina, nambari ya kitambulisho, nyumba ilikuwa wapi. Nikamjibu. Nyuma yangu alikuwa yule mama wa leso, akasema, "Andika vizuri, huyu namjua."