Mifupa ya kichwa na kiwiliwili: Ngome ya uhai wa binadamu

MTU mzima ana mifupa 206 mwilini. Kati ya hiyo, 80 ndiyo inayounda kichwa, shingo, mgongo na kifua. Mingine 126 ni ya mikono, miguu, mabega na nyonga.

Makundi haya mawili hayatofautiani kwa idadi pekee. Mifupa ya mikono na miguu kazi yake kuu ni kutuwezesha kwenda na kushika. Ile ya kichwa na kiwiliwili ni ngome, kwa kuwa ndani yake mna ubongo, ugwe wa mgongo, moyo na mapafu. Mguu ukivunjika, hufungwa plasta na aghalabu mgonjwa hutembea tena baada ya miezi kadhaa. Ngome ikibomoka, kinachodhurika ni kile kilichomo ndani, nacho mara nyingi hakirejei hali yake ya awali.

Fuvu la kichwa

Fuvu lina mifupa 22. Minane imeungana mithili ya bakuli kuuzunguka ubongo: mmoja wa paji, miwili ya pande za juu, miwili ya panjani, mmoja wa kisogo na miwili iliyofichika nyuma ya macho na pua. Iliyosalia 14 ni ya uso. Kati ya yote, ni taya la chini pekee linalosogea. Mingine imeshikana kwa mishono iliyopindapinda kama meno ya msumeno.

Kila sikio lina vifupa vitatu vinavyopitisha sauti, na kilicho kidogo zaidi kina urefu wa milimita tatu hivi. Mfupa mwingine wa pekee umo kooni, chini ya ulimi. Huo haugusani na mfupa wowote; umening'inizwa kwa misuli na kano.

Utosi wa mtoto

Mtoto huzaliwa mifupa ya fuvu lake haijaungana, ili kichwa kipate kupita wakati wa uzazi na ubongo uwe na nafasi ya kukua. Pengo la nyuma huziba katika miezi michache ya kwanza. Lile la mbele, ambalo ndilo utosi, aghalabu huziba mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja hadi miwili.

Utosi kudundadunda si ugonjwa. Lakini ukibonyea kwa mtoto anayeharisha au kutapika, ni dalili kwamba mwili wake umepungukiwa na maji. Wapo wanaopaka dawa utosini au kusukuma kaakaa la mtoto kwa kidole wakidhani utosi umeanguka. Utosi haukuanguka, maji ndiyo yaliyopungua. Mtoto huyo anahitaji kunyonyeshwa, kupewa ile dawa ya unga wa chumvi na sukari inayochanganywa na maji safi, na kufikishwa hospitalini haraka. Utosi ukivimba ilhali mtoto ana homa, pia mzazi asingoje, kwani huenda ikawa ni homa ya uti wa mgongo.

Uti wa mgongo

Uti una pingili 24: saba za shingo, 12 za kifua na tano za kiuno. Hata twiga, pamoja na urefu wa shingo yake, ana pingili saba tu shingoni. Chini ya kiuno mna mfupa mpana uliotokana na pingili tano zilizoungana, kisha kifandugu.

Baina ya pingili mna visahani vya gegedu ambavyo hupokea mshtuko tunapotembea au kubeba mizigo. Visahani hivyo hubanwa mchana kutwa na kupoteza maji kidogo, ndiyo sababu mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Katika tundu la pingili hupita ugwe wa mgongo, unaopeleka amri za ubongo kwenye viungo na kurudisha habari za maumivu, joto na mguso.

Kifua

Mbavu ni 24, yaani jozi 12, kwa wanaume na wanawake sawia. Jozi saba za juu hushikana moja kwa moja na mfupa wa kidari, tatu hushikana nao kupitia gegedu la mbavu zilizo juu yake, na mbili za mwisho zinaelea upande wa mbele. Kila tunapovuta pumzi, mbavu huinuka na kutanuka ili mapafu yapate nafasi.

Ajali inapotokea

Umuhimu wa maarifa haya hudhihirika barabarani. Pikipiki inapoanguka, wasamaria hukimbia, wakamshika majeruhi mikono na miguu, wakamtupia nyuma ya gari. Nia ni njema, lakini iwapo pingili ya shingo imevunjika, kumwinua hivyo kwaweza kuukata ugwe uliokuwa mzima. Ukikatika karibu na kichwa, hata kupumua hukoma.

Kwa hivyo, majeruhi asisogezwe ila pale penye hatari kubwa kama vile moto. Mtu mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili kisitikisike, na mwingine apige simu 999 au 112. Asiketishwe wala kupewa maji, na kofia yake ya pikipiki isivuliwe isipokuwa hapumui. Ikibidi ahamishwe, watu kadhaa wamwinue kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja, na alazwe juu ya ubao.

Nao abiria na wahudumu wa bodaboda wavae kofia hiyo na kuifunga barabara kidevuni. Fuvu ni gumu, lakini halikuumbwa kushindana na lami.