Aliyebeba Mzigo Ndiye Aliyefungua Njia: Historia ya Njia Nyepesi za Mlima Elgon

Mwaka jana, katika somo la historia ya Afrika Mashariki, nilisimama mbele ya wanafunzi wenzangu nikasema kwamba njia za kupanda Mlima Elgon zilifunguliwa na wapelelezi wa Kizungu. Nilitaja majina na miaka, nikapata alama nzuri. Likizo ilipofika nilikwenda kwa bibi yangu, upande wa Lwakhakha, karibu na mpaka wa Uganda na Kenya. Jioni moja nilimsimulia nilichokisema darasani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Hao Wazungu walibeba nini?" Nikamjibu kwamba wao hawakubeba kitu, walibebewa. "Basi hawakufungua njia, mjukuu wangu," akasema. "Asiye na mzigo hajui njia."

Katika insha hii ninajaribu kusahihisha kosa langu. Siku hizi wageni wengi huja Elgon kwa ajili ya matembezi mepesi ambayo mtu yeyote anaweza kuyamudu: mtoto, mzee, hata mtu ambaye hana mazoezi. Nitaonyesha kwamba wepesi wa njia hizo una historia, nayo ni historia ya watu waliopita hapo wakiwa na mizigo.

Elgon, ambao sisi Wagisu tunauita Masaba, ni volkano iliyozimika. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kina mita 4,321. Lakini mlima huu ni mpana kuliko ulivyo mrefu. Umetandaza miguu yake Uganda na Kenya, na miteremko yake mingi ni ya polepole. Ndiyo sababu watu wameweza kuishi, kulima na kuchunga mifugo juu sana, na ndiyo sababu una vijia vingi kiasi hiki. Wagisu wako magharibi na kusini-magharibi, Wasabiny wako kaskazini, na ng'ambo ya mpaka wako Wabukusu na Wasabaot. Watu hawa walitembeleana, walioana na walibadilishana mazao na mifugo kabla hapajawa na mpaka wowote wa kuvuka.

Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika pande hizi kutafuta pembe za ndovu. Joseph Thomson alipofika Elgon mwaka 1883 na kuyaona mapango yaliyokaliwa na watu pamoja na mifugo yao, hakuwa ameingia katika nchi isiyojulikana. Katika safari yake alimtegemea Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, ambaye alikuwa ameshapita katika nchi ya Wamaasai kabla yake. Mwaka 1890 Frederick Jackson na Ernest Gedge walipanda mlima huu, na leo kimoja kati ya vilele vyake kinaitwa kwa jina la Jackson. Wapagazi waliowabebea mahema, chakula na bunduki hawana kilele. Hata hivyo, walichoacha ni kikubwa. Ni wao na watu wa misafara waliokitembeza Kiswahili kutoka pwani hadi huku bara, lugha ambayo leo ninaandikia insha hii.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeshirikiana na Waingereza, aliweka makao yake Mbale. Barabara pana zilikatwa kwa jasho la wenyeji, wengi wao wakilazimishwa. Barabara hizo zilipita chini, kwenye tambarare. Juu mlimani vijia vilibaki vilevile, mpaka ilipokuja kahawa.

Kahawa ya arabika ilianza kupandwa Bugisu katika miaka ya 1910, ikastawi vizuri kwenye udongo wa volkano. Shida ilikuwa kuishusha. Gari halikuweza kufika kwenye mashamba ya juu, kwa hiyo magunia yalishuka kwa vichwa, kwa mabega na kwa migongo ya punda hadi kwenye maghala. Chama kikuu cha ushirika cha Bugisu, kilichoundwa mwaka 1954, kilijulikana kwa kahawa hiyo, lakini kila gunia lililofika mikononi mwake lilikuwa limeshatembea. Hapo ndipo vijia vilipata sura vilivyo nayo leo. Mtu aliyebeba mzigo mzito hashuki moja kwa moja kama maji. Huzunguka ukingo wa kilima, hutafuta mahali pa kutua, huvuka mto penye mawe imara. Wa pili humfuata, na baada ya miaka kumi mzunguko huo huwa njia.

Sehemu inayomhusu bibi yangu haikuwemo kabisa katika mada yangu ya darasani. Julai 1975 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda kupita kiasi. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin. Serikali ndiyo iliyonunua kahawa, na ilimlipa mkulima kidogo sana, tena kwa shilingi ambayo haikununua kitu, kwa kuwa hata sabuni na chumvi vilikuwa vimeadimika. Ng'ambo ya mto, katika eneo la Bungoma nchini Kenya, soko dogo la Chepkube lilikuwa linalipa fedha taslimu. Kwa muda wa miaka miwili hivi kahawa ya Masaba ilivuka mpaka usiku. Huko Kenya neno Chepkube bado linawakumbusha wazee watu waliotajirika ghafla.

Bibi hakutajirika. Alikuwa msichana wa miaka kama 20, akibeba kahawa ya watu wengine kwa malipo ya chumvi, sabuni na siku moja blanketi. Kukamatwa na askari kungeweza kumgharimu maisha. Alinieleza jinsi walivyochagua njia: hawakutaka njia fupi, walitaka njia ambayo mtu anaweza kuipita gizani, bila taa, bila kukohoa, akiwa na mzigo kichwani. "Mkipanda mwinuko mkali mnahema," alisema, "na anayehema husikika." Kwa hiyo walipita kwenye miinuko ya polepole. Kijia kimoja walichokitumia bado kipo. Siku hizi watoto hukipita kwenda shule.

Januari, wakati wa kiangazi, nilimwomba bibi twende Kapkwai, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon upande wa Wasabiny, si mbali na maporomoko ya Sipi. Tulifuatana na rafiki yangu kutoka Kampala, ambaye mlima wake mkubwa mpaka siku hiyo ulikuwa ngazi za bweni letu. Kapkwai kuna njia tatu za mzunguko: ya kilomita 3 kwenye ukingo wa kilima, ya kilomita 5 inayofika maporomoko ya Chebonet, na ya kilomita 7 inayopita kwenye mianzi. Tulichagua ile ya kilomita 3. Bibi alishangaa kwamba mtu hulipa ili atembee.

Kabla ya lango kulikuwa na njia mbili za kupanda. Moja ilinyooka, yenye alama za magurudumu ya bodaboda, na nyingine ilipinda pembeni kati ya migomba. Rafiki yangu alishika ile iliyonyooka. Baada ya hatua hamsini alisimama, mikono magotini, akihema. Bibi alikuwa ameshapita juu yake kwa ile ya pembeni, taratibu, bila kusimama. "Jajja, umejuaje?" rafiki yangu akamuuliza. Bibi akamwonyesha ardhi: kijia kilikuwa kimelika katikati na ni chembamba, upana wa mtu mmoja. "Hii ni ya wanawake wa kuni," akasema. "Ile ni ya injini."

Ndani ya hifadhi tuliongozwa na mzee mmoja Msabiny. Bibi alipoulizia mianzi, walianza kuzungumza kwa Kiswahili kuhusu malewa, machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Wanawake wa pande zote mbili waliyafuata msituni tangu zamani. Sasa msitu una mpaka, na wanaoruhusiwa kuyachuma ni wale ambao vijiji vyao vina makubaliano na hifadhi. Mzee alituambia pia kwamba baba yake alichunga ng'ombe kwenye nyasi za juu, mbali na pale tulipokuwa tumesimama. Yeye ni wa watu wanaoitwa Wabenet. Mwaka 1983 serikali iliwatengea ardhi chini zaidi, na ugomvi juu ya mipaka ya ardhi hiyo ukafuata, pamoja na kufukuzwa kwa familia nyingi. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ilikubali kwamba ni wenyeji wa asili wa eneo hilo. Hata hivyo wengi wao bado wanasubiri ardhi. Mzee hakusema hayo kwa hasira. Aliyasema akitupisha penye tope, kisha akampa bibi fimbo yake.

Sisemi kwamba watu wasije kutembea. Waje, hasa katika miezi ya Januari na Februari au Juni na Julai, kwa sababu mvua ikinyesha udongo huu huteleza, na tangu maporomoko ya ardhi ya Bududa ya Machi 2010 kila mtu huku anajua unavyoweza kuua. Asiye na mazoezi aanze na kilomita 3, au ashuke Sipi akatazame maporomoko ya chini yenye urefu wa mita kama 100. Ninachoomba ni kwamba anayeona njia ni nyepesi asidhani ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Wapagazi, wakulima wa kahawa, wanawake wa kuni na wasichana wa Chepkube waliilainisha kwa miguu, na baadhi yao leo wanahitaji ruhusa ili waipite.

Tulimaliza mzunguko kwa saa mbili. Rafiki yangu aliniuliza kama kesho tunaweza kujaribu kilomita 5. Bibi yeye aliuliza kama pale chini kuna mahali pa kununua malewa. Muhula ukianza nitamwomba mwalimu wangu dakika kumi nirudie mada yangu, hata kama alama zitapungua.