Risasi za Bonde la Ufa: Madai ya Kujihami katika Mahakama za Kenya, 1911–2009

Sheria ya Kenya inamhesabu mtu aliyeua kwa kujihami kuwa hana hatia, lakini haielezi kwa maneno yake yenyewe mipaka ya kujihami huko ni ipi. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kutoka enzi za ukoloni, kinaagiza tu kwamba dhima ya mtu aliyetumia nguvu kulinda nafsi au mali ipimwe kwa misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza, yaani ile sheria ambayo haikutungwa na bunge bali ilijengeka kwa hukumu za majaji, kesi baada ya kesi, kwa karne nyingi. Tanzania Bara, iliyokuwa na kifungu cha namna hiyo, iliandika masharti yake yenyewe mwaka 1980. Kenya ilibaki na urithi huo, na pamoja nao ikabaki na mjadala ambao kila baada ya miaka kadhaa umekuwa ukirejea na mwili wa mtu aliyepigwa risasi.

Chini ya misingi hiyo, mahakama hutazama kama mshtakiwa aliamini kwa dhati kwamba yumo hatarini, na kama nguvu aliyotumia ilikuwa ya kiasi kwa hatari hiyo. Katika rufaa ya Palmer kutoka Jamaika, iliyoamuliwa London mwaka 1971, ilikubaliwa kwamba mtu aliyeshambuliwa ghafla hawezi kutarajiwa kupima kujilinda kwake kwa mizani ya duka la dhahabu. Tena mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba alijihami. Akishaliibua suala hilo kwa ushahidi wowote wa maana, ni upande wa mashtaka unaopaswa kulivunja bila kuacha shaka. Hii ni haki kubwa, na ni haki inayostahili kulindwa, lakini inaegemea jambo moja ambalo vitabu vya sheria hulichukulia kuwa lipo tayari: kwamba dai la hofu litafikishwa mbele ya watu wasioegemea upande wowote, lisikilizwe na lihojiwe. Historia ya Bonde la Ufa inaonyesha jinsi sharti hilo lilivyokosekana mara kwa mara, na jinsi kukosekana kwake kulivyoamua mengi kuliko kanuni yenyewe.

Ardhi iliyo kati ya Naivasha na Nakuru ilikuwa malisho ya Wamaasai hadi mkataba wa 1904, ambao uliwahamisha wengi wao kuelekea Laikipia na kusini ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Miongoni mwa walionufaika alikuwa Hugh Cholmondeley, Lodi Delamere wa tatu, ambaye shamba la Soysambu kando ya Ziwa Elementaita limebaki mikononi mwa ukoo wake hadi leo. Shemeji yake, Galbraith Cole, alifuga kondoo jirani, huko Gilgil, na mwaka 1911 alimpiga risasi na kumuua Mwafrika aliyemtuhumu kwa wizi wa kondoo, wakati mtu huyo akikimbia. Mtu anayekimbia hamtishii maisha yeyote, na kwa kipimo chochote cha sheria ya Uingereza ya wakati huo kujihami hakukuwepo. Hata hivyo, juri, yaani raia wa kawaida walioapishwa kuamua hatia, ambao katika koloni hilo walikuwa Wazungu watupu kila mshtakiwa alipokuwa Mzungu, lilimwachilia huru. Serikali ya London ilishtushwa na uamuzi huo kiasi cha kumfukuza Cole katika nchi kwa amri ya kiutawala, ingawa baadaye aliruhusiwa kurudi. Uhamisho huo haukuwa hukumu: ulikuwa njia ya serikali kukiri, pasipo kutamka, kwamba mahakama yake haikuweza kumwona marehemu kama mtu aliyeuawa. Waafrika walioshtakiwa kwa makosa kama hayo hawakuwa na juri. Kesi zao zilisikilizwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga.

Takribani miaka hamsini baadaye, mfumo huo huo ulitoa jawabu tofauti. Mnamo Oktoba 1959, jijini Nairobi, mhandisi Peter Poole alimpiga risasi Kamawe Musunge, mtumishi wa nyumbani aliyekuwa akipita kwa baiskeli na ambaye aliokota jiwe ili kuwafukuza mbwa wa Poole waliomvamia. Ikiwa kulikuwa na mtu aliyekuwa akijihami siku hiyo, alikuwa Musunge. Juri la Wazungu lilimtia Poole hatiani kwa kosa la mauaji, rufaa zake zikakataliwa, gavana akakataa kumsamehe licha ya maombi ya maelfu ya walowezi, na tarehe 18 Agosti 1960 akanyongwa, akiwa Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika. Kati ya hukumu na kitanzi ulifanyika mkutano wa kwanza wa katiba katika jumba la Lancaster, London, uliofungua njia ya utawala wa Waafrika walio wengi. Si rahisi kuamini kwamba upepo huo haukumfikia gavana; lakini ni haki pia kusema kwamba wanajuri wale, ambao waliamua kabla ya mkutano kuanza, walitazama ushahidi na kuukubali.

Jambo la Soysambu la mwaka 2005 ndilo linalostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndani yake dai la kujihami lilikuwa na uzito wa kweli. Tarehe 19 Aprili, maofisa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya, wakiwa wamevaa nguo za kiraia na kutumia gari lisilo na alama, waliingia shambani humo kuchunguza tuhuma za biashara haramu ya nyamapori na kuwashika baadhi ya wafanyakazi. Thomas Cholmondeley, kitukuu wa Lodi Delamere wa tatu, alifika akiwa na silaha na kumuua ofisa Samson ole Sisina. Maelezo yake yalikuwa kwamba alidhani wafanyakazi wake wametekwa na majambazi, na katika eneo ambalo wizi wa kutumia bunduki ulikuwa umewaua watu, dhana hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Mtu anayeona wageni wenye silaha, wasio na sare, wakiwashikilia watu wake, anaweza kukosea kwa dhati, na sheria inamlinda anayekosea kwa dhati.

Lakini anaweza pia kuwa anajua anachokifanya, au kuwa mwepesi wa kufyatua risasi kupita kiasi, na hakuna njia ya kutofautisha hali hizo isipokuwa kuuliza: nani alifyatua kwanza, maofisa walijitambulisha au la, marehemu alikuwa amesimama wapi, risasi iliingia kutoka upande gani. Maswali hayo hayakuulizwa hadharani. Kabla ya mwezi mmoja kupita, Mwanasheria Mkuu Amos Wako aliiondoa kesi kwa mamlaka aliyopewa na katiba ya wakati huo, mamlaka ya kusimamisha shauri lolote la jinai bila kuhitaji ridhaa ya jaji, akieleza kwamba ushahidi haukutosha. Wamaasai waliandamana, baadhi wakitishia kuliingia shamba hilo kwa nguvu, na hasira yao ilifungamana na kumbukumbu ya 1904 kwa namna ambayo wanasheria waliiona kuwa nje ya mada. Haikuwa nje ya mada. Hofu ya mwenye shamba ilikuwa imekubaliwa ofisini, kwa karatasi, na ndugu wa marehemu hawakupewa hata nafasi ya kuisikia ikielezwa kwa kiapo. Kadiri utetezi wa Cholmondeley ulivyokuwa na nguvu, ndivyo hoja ya kuufikisha mahakamani ilivyokuwa na nguvu zaidi, maana mtu ambaye madai yake yangeweza kusimama alinyimwa, pamoja na wafiwa, hukumu ambayo ingeaminika.

Mwezi Mei 2006, katika shamba hilo hilo, Cholmondeley alikutana na wanaume waliokuwa na mbwa na swala aliyenaswa, na Robert Njoya, fundi wa mawe, akauawa kwa risasi. Safari hii kesi ilisikilizwa, kwa karibu miaka mitatu, huku mshtakiwa akiwa rumande katika gereza la Kamiti. Hoja ya hatari ilibadilika: alieleza kwamba aliwalenga mbwa, na baadaye mawakili wake wakadai kwamba risasi iliyoua huenda ilitoka kwa rafiki aliyekuwa naye. Mnamo Mei 2009 Jaji Muga Apondi aliikataa nadharia hiyo, lakini pia hakuona nia ya kuua, na akamtia hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Adhabu ya miezi minane, juu ya miaka mitatu aliyokwisha kukaa gerezani, iliwaghadhabisha Wakenya wengi. Ghadhabu hiyo inaeleweka, ila kulikuwa na tofauti kubwa kati yake na ile ya 2005: mwaka 2009 watu walibishana na hukumu iliyoandikwa, yenye sababu zinazoweza kusomwa na kupingwa.

Katiba ya 2010 iliyahamisha mamlaka ya kushtaki kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na ibara yake ya 157 inamkataza kuondoa shauri lolote bila ruhusa ya mahakama. Kwa sheria ya Kenya, kesi iliyoondolewa kwa njia ile ya mwaka 2005 haimwachi mshtakiwa huru milele, kwani inaweza kufunguliwa upya. Kesi ya Samson ole Sisina haikufunguliwa, na Cholmondeley alifariki Nairobi mnamo Agosti 2016.